Gari la Mama Wawili

"Mwizi hana alama usoni, dada! Mwizi ni mtu anayekujibu salamu vizuri, halafu ukigeuka anafungua boneti!"

"Usiniite dada. Mimi na wewe hatujanyonya ziwa moja."

"Bahati yangu."

"Bahati yako ni hili gari lililo katikati yetu. Lisingekuwepo, kesho ungeenda kufundisha bila wigi."

Inspekta alisimama nyuma ya gari, faili kwapani, na hakuwaamua. Miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mambo ambayo watu huyameza wakiandikisha maelezo, huyatapika wakigombana. Aliwaacha watapike.

Wa kulia alikuwa Mwalimu Mkuu, mlalamikaji, mwanamke wa miaka hamsini na miwili mwenye sauti iliyozoea kunyamazisha watoto mia nne. Wa kushoto alikuwa fundi cherehani, mke wa mtuhumiwa, amekuja na sindano tatu bado zimechomekwa kifuani mwa blauzi. Kati yao, katika yadi ya vielelezo nyuma ya kituo cha polisi, lilikuwa gari la michezo la viti viwili, jekundu, fupi, limeinama kama paka anayemnyatia panya. Lilikuwa na umri wa miaka sitini. Hata askari wa zamu, ambaye hakupenda kitu isipokuwa chai, alikuwa amekuja kulitazama mara nne tangu asubuhi.

Lilikuwa la baba yake Mwalimu, karani wa posta aliyefariki miezi miwili nyuma. Wanawe walitaka kulipeleka kwenye maonyesho ya magari ya kale, kwa jina la baba yao. Mkaguzi wa maonyesho akaja nyumbani kulikagua, akaandika kurasa mbili, na ukurasa wa pili ulimalizika hivi: *Bodi hii si ile iliyoandikwa kwenye cheti.*

Mtu wa mwisho kulishika gari kabla ya mazishi alikuwa fundi bodi anayeitwa Nyundo. Alikaa nalo miezi mitatu akiziba kutu. Juzi Mwalimu alifungua mashitaka, na Nyundo akalala mahabusu. Leo saa nane mchana karandinga lingewabeba watuhumiwa kwenda mahakamani, naye hakuwa na wa kumdhamini. Gerezani kesi kama hiyo husubiri mwaka. Sasa ilikuwa saa tatu na robo.

"Mwalimu," Inspekta alisema hatimaye, "nieleze tena hizi bodi mbili. Polepole. Mimi naendesha pikipiki."

Mwalimu alivuta pumzi. "Magari haya yalibuniwa na kampuni moja, lakini bodi zilitengenezwa na viwanda viwili. Cha kwanza kilipozidiwa na oda, kazi ikagawiwa cha pili, mji mwingine kabisa. Mafundi wa hapa hawakuhangaika na majina ya kigeni. Cha kwanza wanakiita Mama Mkubwa, cha pili Mama Mdogo."

"Mtoto mmoja, walezi wawili."

"Ndiyo. Na kila mlezi ana namna yake ya kumvisha. Cheti cha baba kinasema Mama Mkubwa. Mkaguzi amekuta Mama Mdogo. Maana yake Nyundo amebaki na la baba yangu, akaturudishia la mtu mwingine lililopakwa rangi ileile."

"Amelificha wapi?" mke wa Nyundo aliuliza. "Chini ya kitanda? Chumba chetu kimoja, mashine ya kushonea ukiisogeza ndipo unapata pa kuweka miguu!"

Inspekta alisoma ripoti kwa sauti. Mama Mkubwa hukunja ukingo wa madigadi juu ya waya. Mama Mdogo hukunja mara mbili, bila waya. Mkaguzi alikuwa amepapasa ukingo wa nyuma akakuta hakuna waya.

"Kumbe ni habari ya pindo?" alisema mke wa Nyundo. "Si mngeniambia tangu mwanzo! Pindo mimi ndiyo ugali wangu."

Alichuchumaa nyuma ya gari, akapitisha vidole chini ya ukingo wa bati kama mtu anayekagua sketi ya mteja mbishi. "Mara mbili. Kavu. Safi sana, lakini kavu." Akaenda mbele, akachuchumaa tena. Vidole vikasimama. Vikarudi nyuma kidogo, vikasonga tena. Alipozungumza, ugomvi ulikuwa umeshamtoka.

"Hapa kuna kitu ndani. Pindo la mbele lina kamba."

Inspekta alipiga goti kwenye changarawe. Akapapasa mbele kulia, mbele kushoto. Chini ya bati, laini kama mshipa wa damu, ulipita waya mmoja usiokatika. Akazunguka nyuma. Hakuna. Akarudi mbele. Upo.

"Mwalimu, mkaguzi alipapasa mbele?"

"Asingeweza. Gereji yetu ni nyembamba, gari lilikuwa limebana pua ukutani."

Inspekta alinyanyuka taratibu. Mbele Mama Mkubwa, nyuma Mama Mdogo. Alipeleka macho kutoka taa hadi taa akitafuta mahali ambapo huyu anaishia na yule anaanzia. Wekundu ule uliteremka toka bega la mlango hadi mkiani bila kigugumizi. Hakuona kitu.

"Gari gani hili," mke wa Nyundo alinong'ona, "linalovaa koti la huyu na suruali ya yule?"

Lakini Mwalimu alikuwa ameshapata jibu lake. "Basi ndivyo alivyofanya! Amekata nusu ya nyuma ya gari la baba yangu! Inspekta, nilikuambia juu ya yule fundi mzee, Msasa, ukanyamaza." Alitoa kwenye mkoba daftari dogo lenye jalada jeusi na kulifungua palipowekwa uzi. "Soma. Mwandiko wa baba."

*Mkono wa kwanza mimi. Mkono wa pili Msasa. Sasa limekuwa gari.*

"Gari la mkono wa kwanza ni jipya, lililonunuliwa na mwenyewe. La mkono wa pili ni lililotumika. Baba amelinunua jipya, na baada yake analitaka Msasa. Kila sikukuu huyo mzee alikuja kulipapasa kama mbuzi wa mnadani. Na Nyundo amejifunzia kazi kwa nani? Kwa Msasa! Unataka nini zaidi?"

Inspekta alilichukua daftari, akaandika hati ya kulipokea, akamsainisha. Hoja ya Mwalimu ilikuwa imesimama vizuri. Kitu kimoja tu kilimkereketa. *Sasa limekuwa gari.* Kabla ya hapo lilikuwa nini?

*

Nyundo alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha mahojiano, mabega mapana, kucha zenye weusi usiotoka.

"Ulifanya nini kwenye gari?"

"Sakafu ya mbele, upande wa abiria. Kutu ilikuwa imekula tundu la kupitisha kiatu. Nikakata, nikaweka kiraka, nikachomelea, nikapiga praima nyeusi ya kuzuia kutu. Basi."

"Miezi mitatu kwa kiraka kimoja?"

"Afande, ungeliona gari lile usingeuliza. Nililala chini yake kama mtu aliyelala chini ya nyota. Saa nzima natazama, saa nzima nafanya kazi."

"Lina nusu mbili," Inspekta alisema. "Mbele kiwanda kimoja, nyuma kingine. Limeungwa."

Nyundo alicheka kwa kweli, kicheko cha tumboni. "Nani amekudanganya? Gari lile halijaungwa."

"Nimepapasa mwenyewe."

"Na mimi nimelala chini yake miezi mitatu. Lingekuwa na maungio ningeyaona. Kama si kwa jicho, kwa mkono. Kama si kwa mkono, kwa sikio. Bati lililoungwa ukiligonga linajibu kama mtu mwenye mafua."

"Fikiri kabla ya kujibu. Maungio yapo. Ukisema uliyakuta, tutazungumza. Ukisema hayapo, mahakama itaona unaficha kazi yako mwenyewe."

Kicheko kilimwisha. Alitazama viganja vyake kana kwamba vimetoa ushahidi dhidi yake.

"Afande, andika hivihivi. Gari nililopokea ndilo nililotoa. Na maungio hakuna. Niseme nimeona kitu ambacho sikukiona, ili iwe nini?"

Inspekta aliandika. Mwongo wa kawaida huchukua mlango unaofunguliwa mbele yake. Huyu alikuwa ameufunga, akaegemeza na kabati. Ama alikuwa mjinga, ama mtu fulani aliunga gari kwa ustadi ambao fundi bora wa mjini hakuugundua kwa miezi mitatu.

Saa nne na nusu. Alichukua hati ya upekuzi na funguo za pikipiki.

*

Karakana ya Msasa ilikuwa banda refu lenye sakafu iliyofagiliwa kuliko zahanati. Mzee mwenyewe, miaka sabini na tano, mkavu kama jina lake, aliisoma hati yote, hata maandishi madogo ya chini, kisha akairudisha na kuweka mikono mgongoni.

"Nusu ya nyuma ya gari la marehemu karani. Tafuta, mwanangu. Ukiipata, nipigie na mimi simu."

Inspekta alipekua kwa dakika hamsini. Milango, boneti, taa kwenye masanduku, kila kitu na kikaratasi chake. Alipima upana wa mahandaki yote mawili ya kukagulia magari, akainua turubai lililofunika gari la wagonjwa lisilo na magurudumu. Hakukuwa na bati jekundu, wala pindo lolote la nyuma lenye waya. Alikuwa amepiga magoti kuchungulia chini ya meza ya kazi aliposikia Msasa akimsemesha binti yake, mwanamke wa makamo aliyekuwa ameshika bomba la rangi mbele ya mlango wa lori.

"Huo mkono wa ngapi?"

"Wa pili, baba. Wa kwanza bati limeunywa wote."

"Uache ukauke. Usiniletee haraka za mjini."

Inspekta alibaki vilevile, magoti chini, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha alisimama, akapangusa suruali, akafungua daftari jeusi.

"Mzee. 'Mkono wa kwanza mimi. Mkono wa pili Msasa.' Hii ni habari ya rangi."

Msasa alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Si habari ya kununua wala kuuza. Karani alipaka mkono wa kwanza, wewe ukapaka wa pili. Ndipo 'likawa gari'. Mtu hapaki rangi gari jipya lililotoka kiwandani. Kabla ya siku ile halikuwa gari. Yalikuwa mabati."

Binti alizima pampu ya upepo. Banda zima likatulia.

"Nilimwapia," alisema Msasa.

"Aliyekuapisha amekufa. Mwanafunzi wako yuko hai, na saa nane anapanda karandinga."

"Nyundo?" Mzee aligeuka mzima mzima. "Nyundo ndiye mnayemshika? Mimi nilisikia fundi, nikadhani ni wale wa barabarani!" Alivua koti la kazi, akalitundika msumarini, na alipoanza kusema, alimtazama binti yake kuliko askari.

Karani alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba. Alikuwa ameenda kuchumbia, na baba wa msichana akamtazama viatu vyenye vumbi akasema: binti yangu hapandi baiskeli. Basi. Kwenye jalala la bandarini kulikuwa na magari mawili ya aina moja. Moja limegongwa nyuma, limekunjamana kama karatasi. La pili limegongwa mbele. Karani aliyapata yote mawili kwa bei ya vyuma chakavu. Miaka minne, kila Jumamosi na Jumapili, katika banda hilihili, alikata, akapima, akakata tena. Hakuwa fundi. Alijifunza akiwa anafanya.

"Nilimwambia, bodi hizi hazifanani. Mama Mkubwa ana mabega mapana, amezidi kwa unene wa sarafu mbili. Mama Mdogo amebana kiuno. Huwezi kuwaunganisha. Akaniambia, mimi napanga barua elfu tatu kwa siku, kila moja inafika kwa mwenyewe. Nipe muda."

"Mzee, maneno hayafungui pingu," Inspekta alisema. "Njoo unionyeshe kwa chuma."

*

Saa saba na dakika kumi. Kwenye yadi, Mwalimu na mke wa Nyundo walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, kila mmoja ncha yake, kama ndege waliogombana kwenye waya.

Msasa alitoa mfukoni kitambaa cheupe, chembamba, cha pamba, akakilaza juu ya bega la gari, kisha akaweka kiganja juu yake. "Jicho linadanganywa na mng'ao," alimwambia Inspekta. "Kitambaa kinaondoa utelezi, mkono unasikia bati lenyewe. Weka. Nenda polepole kuelekea nyuma. Ukifika kwenye maungio niambie."

Inspekta alienda. Bega, kisigino cha mlango, mteremko wa nyuma. Alifika mkiani.

"Sijasikia."

"Umeyavuka."

Alirudia mara tatu. Mwalimu alisogea, akajaribu. Mke wa Nyundo akajaribu kwa vidole vilivyokagua mapindo elfu. Hakuna aliyesikia. Inspekta aligonga kwa sarafu kila inchi, na bati likajibu kwa sauti moja toka mlangoni hadi taa ya nyuma, safi kama kikombe cha kaure.

"Mabega mapana, kiuno chembamba," alisema. "Hiyo tofauti ya sarafu mbili imekwenda wapi?"

"Aliigawa." Sauti ya mzee ilikuwa imeshuka, kama mtu aliye mahali pa ibada. "Hakuificha mahali pamoja. Aliisambaza kwenye urefu wote wa mkono wangu, punje kwa punje, kwa nyundo ndogo. Pengo alilijaza madini ya risasi yaliyoyeyushwa, akayalainisha kwa kipande cha mti kilichopakwa nta. Mimi nimefanya kazi hii miaka hamsini na mitano. Sijawahi kulifanya hilo. Nilikuwa nakuja sikukuu kulipapasa nijue kama kweli nililiona au niliota."

Inspekta alitazama saa. "Mzee, hiki ni kioja, nami nakubali. Lakini mahakama itaniuliza swali moja: nitajuaje kwamba si Nyundo aliyeunga, mwaka huu?"

Msasa alifungua mlango, akasogeza kiti, akainua zulia nyuma yake. "Nilimwomba aache mahali pamoja bila kusugua. Shubiri moja tu. Kazi kama hii isipoacha ushahidi, watu watasema haikufanyika."

Inspekta aliingiza kichwa na tochi. Pale, chini ya vumbi la miaka, ulipita mstari mwembamba wa kuchomelea, na pande zake zote mbili alama za nyundo, ndogondogo, zimepangana mstari juu ya mstari kama manyunyu kwenye mchanga mkavu. Alizihesabu hadi sitini, akaacha. Kwenye shubiri moja. Miaka minne ya Jumamosi.

Alipitisha kidole juu ya mstari ule. Kisha akakumbuka kazi.

Alimwita askari wa zamu awe shahidi. Alitoa wembe mpya, akakwangua kipande kidogo cha rangi juu kabisa ya mstari ule, akakiweka kwenye karatasi nyeupe, akakitazama kwa lenzi. Juu nyekundu. Chini yake bluu, mikono miwili, wa chini umepauka kidogo. Chini ya bluu, chuma kilichochomelewa. Alikwangua tena mahali pa pili. Vilevile. Akaenda mbele, kwenye kiraka cha Nyundo: praima nyeusi, kisha chuma. Hakuna bluu.

"Mwalimu, gari hili liliwahi kuwa bluu?"

"Nilipokuwa mdogo." Mwalimu alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. "Alilipaka nyekundu nilipoingia darasa la tatu."

"Basi maungio yako chini ya rangi uliyoiona ukiwa mtoto. Wakati huo Nyundo hajazaliwa."

"Lakini alituambia alilifungua likiwa jipya. Viti vikiwa bado na nailoni ya kiwandani. Mama alikuwa akisimulia kila siku, nailoni ilivyomlilia chini alipokaa!"

"Nailoni tulinunua sisi," alisema Msasa. "Duka la magodoro."

Mke wa Nyundo alicheka kabla hajajizuia, akaziba mdomo. Mwalimu hakumkemea. Aliinama, akaingiza kichwa palepale kilipokuwa cha Inspekta, na alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, miwani ilikuwa na ukungu.

"Lazima uandike yote haya?" aliuliza. "Wadogo zangu, watu wa maonyesho. Miaka hamsini watu wamemjua baba kama mtu aliyenunua gari jipya. Andika tu kwamba nimeondoa mashitaka. Niseme nilikosea."

Nje ya lango karandinga lilipiga honi. Askari mwingine alikuwa amemleta Nyundo, pingu mikononi, amesimama kwenye foleni na wengine wanne. Saa saba na dakika arobaini na tano.

Inspekta alilipima ombi lile. Mashitaka yakiondolewa hivihivi, Nyundo angetoka leo. Lakini faili lingebaki na gari la nusu mbili na fundi aliyekaa nalo miezi mitatu, na kila mteja wa mjini angejua polisi walimwachia kwa huruma ya mlalamikaji. Angekuwa mwizi aliyesamehewa.

"Hapana," alisema. "Baba yako ameacha kazi, na huyu ameachiwa lawama. Siwezi kuificha kazi ile bila kumwachia huyu lawama."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa.

Inspekta alilaza faili juu ya boneti, akaandika akisimama, akisoma kila neno kwa sauti ili mashahidi wasikie: kwamba gari ni lilelile, kwamba liliundwa kwa bodi mbili na marehemu mwenyewe, kwa mikono yake, kabla ya rangi ya bluu, kwamba hakuna kilichoibwa, kwamba mtuhumiwa hana kosa, aachiwe sasa. Alisaini, akamsainisha Msasa, akamsainisha askari. Mwalimu aliiomba kalamu bila kuambiwa, akaandika jina lake lote.

Kisha Inspekta alitembea hadi kwenye foleni, akamshika mkono Nyundo, aliyekuwa wa tatu, akamtoa, na kumfungua pingu palepale mbele ya karandinga.

"Maungio yapo," alimwambia. "Chini ya zulia, nyuma ya kiti. Nenda kaone."

Nyundo hakusubiri hata kusugua vifundo vya mikono. Alipita katikati ya mkewe na Msasa bila salamu, akaenda moja kwa moja kwenye gari, akapiga magoti. Nyuma yake dereva wa karandinga aliuliza kama wa tano anakuja.

"Wanne," alisema Inspekta, akafunga mlango wa karandinga kwa mkono wake, akaligonga ubavuni liondoke.